Sita Nukta Nane

Khitma ilimalizika baada ya alasiri. Masinia yalikuwa yameshazunguka, walimu wa chuo wamekwenda zao, na kwenye baraza ya nyumba ile ya Shela, Malindi, wakabaki wasio na haraka. Marehemu alikuwa na miaka 49. Mwembamba, hakuvuta sigara, hakuugua presha, kazini akienda kwa baiskeli. Alianguka sokoni na fungu la mchicha mkononi. Baba yake naye, wazee walikumbuka, alifia juu ya mtumbwi kabla ya kufika 50, na wakati ule ikasemwa kapigwa na upepo.

Mazungumzo haya nimeyashona kutoka mabaraza zaidi ya moja, na majina nimeyaacha, kwani hakuna mtu anayekwenda khitmani ili aandikwe. Hoja ni zao. Palikuwa na nahodha mstaafu, miaka 67. Muuguzi anayesimamia dispensari moja upande wa kaskazini, njia ya Mambrui. Mwenye duka la dawa. Mama karanga, yaani mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki wadogo wanaposhushwa, wakawakaanga na kuwauza mitaani. Na kijana mhudumu wa afya ya jamii, bado na mkoba wake begani.

Sinia moja lilibaki katikati yetu. Ukingoni mwake samli ya biriani ilikuwa imeanza kuganda. Nahodha akaifuta kwa kidole, akatuonyesha.

NAHODHA: Haya ndiyo yaliyomuua. Yameganda ndani, njia ikaziba. Na mimi ninayo, kolesteroli hii, nimepimwa: 6.8. Ndugu yangu aliyekuja kutoka Marekani naye kapimwa huko kwao, 212. Amejishika kichwa! Nikamwambia pole sana, mimi hata saba sijafika.

MWENYE DUKA: Ami, hiyo si mizani moja. Wamarekani wanahesabu kwa miligramu, sisi kwa milimoli. Gawanya ile yake kwa 38.67 utapata kama 5.5. Wa kupewa pole ni wewe.

Watu wakacheka, na nahodha akacheka nao, ila nilimwona akihesabu kwa vidole.

MUUGUZI: Wala hayagandi hivyo, ami. Damu ni ya moto. Ingekuwa ni kuganda kama kwenye sinia, sote tungeziba siku ya Idi. Hebu geuka utazame ukuta huo nyuma yako.

Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kwenye kimo cha goti chokaa ilikuwa imevimba kama chapati inayoumuka kikaangoni, na chini yake sakafuni palikuwa na ungaunga mweupe.

MUUGUZI: Chumvi imeingia ndani ya jiwe kidogo kidogo, miaka na miaka. Nje ukuta ulionekana mzima, mkaupaka rangi kila Ramadhani. Halafu chokaa ikafura, na siku moja ikabanduka. Mshipa wa moyo nao ni hivyo. Kolesteroli ile mbaya, ile wanayoiita LDL, hupenya ndani ya ukuta wa mshipa. Mwili unakwenda kupigana nayo humohumo, panafura. Mtu haumwi popote. Ule uvimbe ukipasuka, damu inakimbilia pale kama inavyokimbilia jeraha lolote, inafanya bonge, na bonge ndilo linaloziba. Ni jambo la dakika chache. Likiwa kwenye mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo. Likiziba njia ya ubongoni ni kiharusi, huo upepo wenu.

MWENYE DUKA: Basi tupimwe sote. Hiyo ndiyo hoja yangu, na msiseme ni kwa sababu nauza kipimo. Nauza, ndiyo. Tone la damu kidoleni, unakaa kidogo, unapata jibu lako. Ugonjwa usiouma utaujuaje bila kuupima?

MUUGUZI: Sote, wapi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta mtu mzima 1 kati ya 10 hivi ana kolesteroli iliyopanda. Presha, karibu 1 kati ya 4. Na zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya walikuwa hawajapimwa hata hiyo presha. Mimi asubuhi nina watoto wa chanjo, wajawazito, malaria, mtu aliyekatwa na panga. Nikipewa shilingi ya ziada, naipeleka kwenye mashine ya presha kabla sijaifikiria maabara.

KIJANA: Mkoba wangu ndio huu. Mashine ya presha, mashine ya sukari, mzani. Tulianza navyo 2023, tukiwa zaidi ya 100,000 nchi nzima. Ya mafuta haimo.

MUUGUZI: Wala haihitajiki kwa kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya mwaka 2019, kila pande la dunia na lake, nasi Afrika Mashariki tuna letu. Yako ya namna mbili. Moja linataka kipimo cha damu. La pili linataka umri, mwanamume au mwanamke, unavuta au huvuti, presha yako, na uzito ukipimwa na urefu. Basi. Unafuata mstari kwa kidole mpaka unakuta rangi: kijani, manjano, hadi nyekundu iliyokolea. Rangi ndiyo inayokwambia mtu huyu ana hatari kiasi gani ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Namba moja peke yake haisemi hivyo. Mwanamke wa miaka 35 mwenye 6.8, presha nzuri, havuti, si sawa na wewe mwenye 6.8 hiyohiyo.

NAHODHA: Kwani mimi nina nini?

MUUGUZI: Una sukari, ami, mwaka wa sita huu, na 40 umeipita zamani. Muongozo wa shirika hilo unasema mtu wa namna hiyo apewe statini, dawa ya kushusha kolesteroli, apimwe asipimwe. Na aliyekwisha kupata mshtuko au kiharusi, vivyo hivyo. Hiyo 6.8 yako umeilipia bure.

Mwenye duka akatazama viatu vyake.

Hapo nilikuwa upande wa muuguzi, na sikuona haya. Namba ya kolesteroli imekuwa kama hirizi mpya: mtu anaikunja mfukoni, anaisimulia kwenye kahawa, na dawa ya presha hajaimeza tangu wiki jana. Isitoshe, kipimo kimoja hudanganya. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, waliopiga kambi Kilifi tangu 1989, waliwavalisha watu wa huko mashine ya presha saa 24, na matokeo waliyochapisha 2016 yalionyesha kuwa wengine walioandikiwa presha kwa kupimwa papo hapo hawakuwa nayo. Wengine bado wanaambiwa waende maabara na tumbo tupu tangu jana yake, wanatembea na sukari yao juani, na siku hizi kwa kipimo cha kawaida cha kolesteroli kufunga si lazima.

Lakini mwenye duka alikuwa hajamaliza.

MWENYE DUKA: Sawa, dada. Nijibu moja tu. Marehemu. Miaka 49, mwembamba, havuti, presha nzuri. Jedwali lako lingemwekea rangi gani?

MUUGUZI: Kijani.

MWENYE DUKA: Kijani. Na leo tumekula biriani yake.

Hakuna aliyeongeza neno. Ndani tulisikia masufuria yakisuguliwa.

MUUGUZI: Hapo umenishika, na sibishi. Alichokufa nacho hasa hatukijui, hakupimwa. Lakini baba yake alikwenda hivyo hivyo kabla ya 50, na hilo lilitakiwa lituamshe. Kuna kolesteroli ya kurithi. Ini ndilo linaloizoa LDL kwenye damu. Sasa yuko anayezaliwa ini lake halizoi vizuri. Tangu utotoni iko juu, hata akila mchicha umri wake wote. Inakadiriwa duniani ni mtu 1 kati ya 300 hivi. Na muongozo huohuo unasema, kolesteroli kwa jumla ikifika 8 au zaidi, achana na rangi, mpe dawa.

MWENYE DUKA: Na 8 hutaiona bila kupima.

MUUGUZI: Sitaiona bila kuuliza. Swali halina bei: nani kwenu alikufa ghafla, na alikuwa na miaka mingapi? Akinijibu kama ambavyo angenijibu marehemu, huyo napima kesho yake, na nampeleka hospitali kubwa, Malindi au Kilifi. Daftari langu lina safu ya chandarua, lina safu ya chanjo. Safu ya baba alikufaje haimo. Nitaipiga mstari mwenyewe kwa rula.

Ningependa ijulikane kuwa kwenye mabaraza yetu ni nadra mtu kusema "umenishika" na mjadala ukaendelea. Kwa kawaida hapo ndipo watu hukumbuka sala.

MAMA KARANGA: Mnasema ini, mnasema rangi. Na hapa mkitoka, kila mmoja wenu ataniambia mimi ndiye ninayeua watu na karai langu.

NAHODHA: Hakuna aliyekutaja, mama.

MAMA KARANGA: Nimetajwa zamani. Kila semina natajwa. Nyinyi mnajua mtungi wa mafuta ni kiasi gani? Nikimwaga baada ya kukaanga mara moja, samaki wangu nimuuze kama dhahabu? Nayachuja kwa kitambaa, naongeza mapya juu, nakaanga tena. Yakishakuwa meusi kabisa, ndipo nayamwaga.

MUUGUZI: Samaki wako hawana kosa. Tafi, uono, wote ni chakula kizuri. Ni yale wanayoogeshwa, na kurudiwarudiwa kwake. Mtu akiweza awapike wa kupaka, au mchuzi mwepesi.

NAHODHA: Wa kupaka ni kwa nazi! Na nazi mmetukataza. Babu zangu walikula nazi asubuhi na jioni, wakazikwa na meno yao. Na hawa Wamasai wanaouza shanga ufukweni, wao ni maziwa na nyama. Nani amesikia Mmasai na kolesteroli?

Hoja ya Wamasai ni ya zamani kuliko baraza hii. Daktari Mmarekani, George Mann, aliwafuata katika miaka ya 1960 kwa swali hilohilo, akawakuta na kolesteroli ya chini pamoja na maziwa yao yote. Lakini 1972 alichapisha alichokiona kwenye mioyo ya wanaume 50 waliofariki: uchafu kwenye kuta za mishipa ulikuwapo. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata njia. Mann aliona sababu ni mwendo wao wa miguu. Kwa hiyo mwenye kutaka kula kimasai sharti atembee kimasai, wala si kwa bodaboda kutoka Shela hadi sokoni.

MAMA KARANGA: Babu zako wa mjini, nahodha. Sisi kwetu Ganze wali ulikuwa wa sikukuu. Siku zote ni sima na mchunga, mboga chungu hiyo, na tui jepesi. Tui la kwanza ni la mgeni. Mtu akishinda shambani tangu alfajiri. Siku hizi ni mahamri asubuhi, viazi karai mchana, chapati usiku, na nazi juu.

NAHODHA: Na babu alikuwa akivuta nanga kwa mikono. Haya, nimekubali nusu.

MUUGUZI: Mafuta ya nazi zaidi ya sehemu 80 kati ya 100 ni ya aina inayopandisha LDL. Hilo siwezi kulificha kwa kuwa napenda wali wa nazi. Lakini nikimkuta mtu anakula wali wa nazi Ijumaa na siku nyingine anakula mbaazi na mboga, simsumbui. Ninayemsumbua ni anayevuta.

Nami nikaingilia, maana habari hii ninayo muda mrefu. Katika bahari yetu hiihii, kisiwani Mauritius, mwaka 1987 serikali haikuishia kuwahubiria wapishi. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu, yale yanayonunuliwa na kila nyumba, yalikuwa kwa sehemu kubwa ya mawese. Yakabadilishwa, yakawa yote ya soya. Mama wa nyumbani hakubadilisha sufuria wala mkono. Kufikia 1992, wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Nchi nzima! Unene uliongezeka katika miaka hiyohiyo, nisiwapambie, lakini kolesteroli ilishuka.

MAMA KARANGA: Basi hao walikuwa na akili. Mimi nanunua mtungi ulio rahisi. Kilichomo ndani si mimi niliyekitia. Wakikibadilisha huko kiwandani, nami nitabadilika bila hata kujua. Nendeni mkaseme na mwenye kiwanda, mniache mimi na karai.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile, na imesemwa na mtu ambaye kwenye semina zote huketishwa nyuma. Kilifi ni kaunti ya minazi na mikorosho. Korosho ni chakula kizuri, lakini tunazozilima utazikuta mbele ya wageni kwenye hoteli za Watamu huku sisi tukila viazi karai.

KIJANA: Lakini siku hizi dispensari hulipi. Ukijiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, vituo vya ngazi ya pili na ya tatu ni bure.

MAMA KARANGA: Bure ni bure. Dawa ipo?

MUUGUZI: Ya presha huja. Ya sukari huja. Statini huwa naiandika kwenye karatasi, mtu akanunue. Na karatasi, mama, nimeziona zikifungiwa karanga.

NAHODHA: Yangu sikuifungia karanga. Nilinunua, nikameza miezi minne. Miguu ikaniuma kama nimepanda mlima, nikaacha. Na nikaona afadhali habasoda na kitunguu saumu, havijanidhuru.

MUUGUZI: Wala havijafanya kazi ya statini. Ukishusha LDL kwa milimoli 1, hatari ya mshtuko na kiharusi inapungua kwa kama sehemu moja ya tano. Habasoda haijafika huko.

NAHODHA: Dawa yenyewe imetengenezwa na nini?

Nikamwambia: asili yake ni ukungu. Mjapani Akira Endo, aliyefariki 2024 akiwa na miaka 90, alichambua maelfu ya fangasi kabla ya kuipata ya kwanza mwaka 1973, katika ukungu wa buluu uliotoka kwenye mchele. Nahodha akalitazama sinia kwa jicho jingine.

MUUGUZI: Na hiyo miguu, ngoja nikupe kisa. Huko London walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maumivu kama yako. Wakawapa chupa, kila mwezi moja, mwaka mzima: nne zina statini, nne zina vidonge vya bandia, nne tupu. Matokeo yalitoka 2020. Maumivu waliyoyapata wakimeza statini, sehemu 9 kati ya 10 waliyapata vilevile wakimeza vidonge vya bandia.

NAHODHA: Kwa hiyo miguu yangu inasema uongo.

MUUGUZI: Sikusema hivyo, baba yangu. Walioumia waliumia kweli. Dawa zako uko nazo?

Akatoa mfukoni mwa kanzu mkebe wa halua. Muuguzi aliutazama, akamtazama mwenye sukari yake, akaamua kutosema neno. Ndani mlikuwa na karatasi za vidonge zilizobanwa kwa mpira. Akazipanga gotini moja moja, akiinamia maandishi yake madogo. Ya sukari. Ya presha, amlodipini. Ya tatu, nusu imeliwa, akaishika muda mrefu.

MUUGUZI: Simvastatini, miligramu 40. Daktari aliandika hii?

NAHODHA: Daktari aliandika nyingine. Dukani wakaniambia hii ni nduguye.

Mwenye duka akaipokea, akaigeuza. Kibandiko cha bei kilikuwa cha duka lake.

MWENYE DUKA: Atovastatini ilikuwa imekwisha. Nilimpa hii asikae bila dawa.

MUUGUZI: Amlodipini huifanya simvastatini ijae kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Mtu anayemeza zote mbili, simvastatini isipite 20. Huyu umempa maradufu. Huenda miguu ilikuwa na haki.

MWENYE DUKA: Nisamehe, ami.

NAHODHA: Mimi nimeshakusamehe. Mwulize mguu wa kushoto.

Alicheka peke yake. Muuguzi akamweleza arudi kliniki aandikiwe upya ile atovastatini, ambayo humezwa saa yoyote, kwa hiyo hata Ramadhani haina ugomvi, futari au daku. Misuli ikimuuma tena pamoja na mkojo mweusi kama kahawa, asingoje siku ya kliniki, aje siku ileile. Nahodha akamwambia ayarudie maneno ya mkojo, na kijana akayaandika nyuma ya kadi.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Mtoto wa kike wa marehemu akatoka kuchukua sinia, na muuguzi akamshika mkono.

MUUGUZI: Mko wangapi, mama?

MTOTO: Wanne.

MUUGUZI: Ikiwa ni ya kurithi, kila mmoja ana nusu kwa nusu. Mkubwa wenu ni nani?

MTOTO: Kaka. Ana miaka 23. Hakuwahi mazishi, yuko kwenye boti, atarudi Alhamisi.

Kijana akafungua ukurasa mpya. Mwenye duka akasema aje dukani, wote wanne waje, hatawatoza kitu.

MUUGUZI: Vizuri. Na majibu uniletee mimi, usiwape wakayakunje mfukoni.